Kibao Kitupu

"Kitupu?"

"Kitupu, dada. Cheupe pee. Hakina hata nukta."

"Yaani mtu kaacha shughuli zake, kachukua kibao, kakitundika kwenye boksi la swichi kuu ya kiwanda kizima, halafu akasahau kuandika?"

"Mimi nakwambia nilichokiona. Usiponiamini, shauri yako."

Koplo, aliyekuwa anachukua maelezo, aliinua kalamu. "Afande, hilo la 'shauri yako' niliandike au niliache?"

"Andika yote," Inspekta alisema, na tayari alikuwa ameshasimama tena.

Kituoni walimwita Kiroboto, na hata yeye alikuwa ameacha kukasirika. Kiti alikigusa tu kama mtu anayepima joto la pasi, halafu huyoo, dirishani, mlangoni, tena mezani. Leo ilikuwa mbaya zaidi. Mkuu wa kituo alikuwa anampigia simu kila baada ya muda mfupi, jalada liko wapi, jalada limefika wapi, mpaka betri ikabaki inapumua kwa shida. Mkuu alitaka jalada lifike kwa mwendesha mashtaka kabla ofisi hazijafungwa, na juu ya jalada alitaka maneno mawili tu: kujaribu kuua.

Aliyeandaliwa hayo maneno alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, msichana mwembamba, sweta limejaa vumbi jekundu la matofali. Mtaani anaitwa Popo. Jina walimpa wafanyakazi wa kiwanda cha matofali, kwa sababu yeye na wenzake wachache walikuwa wanajitolea kwenye kazi ambayo watu waliicheka mpaka wakashika mbavu: kulinda giza. Giza! Wengine wanajitolea kuchangia damu, yeye anapita nyumba kwa nyumba kuwaomba watu wazivalishe taa zao kofia za bati, mwanga uangukie chini wanakokanyaga, usipande bure juu kuzifuta nyota. Na kila mwezi ulipopotea angani walipanda kilima nyuma ya kiwanda, wakachungulia mbingu kwa kipande cha bomba, wakahesabu nyota zilizobaki ndani ya lile duara, wakawatumia wanasayansi hesabu yao. Kiwanda kilikubali kuwazimia taa kubwa za mlingoti wakati wa hesabu. Wakimaliza, mmoja wao anashuka kuziwasha.

Jana ilikuwa zamu ya Popo. Na jana, Popo alipopandisha kipini cha swichi, juu ya mlingoti kulikuwa na mtu.

Fundi umeme wa kiwanda alikuwa huko juu anabadilisha taa iliyoungua. Umeme ulimkuta ameshika waya kwa mikono yote miwili. Alianguka kwenye lundo la mchanga, na huo mchanga ndio uliomwokoa, lakini mikono iliungua na nyonga ikavunjika. Sasa yuko hospitali, hajasema neno. Na fundi huyo si mtu baki. Ni mjomba wake Popo, kaka wa mama yake, tumbo moja.

"Wiki iliyopita," Kiroboto alisema akiwa dirishani, "ulimwambia nini mjomba wako mbele ya watu?"

Popo alijiuma mdomo. "Nilimwambia nitazizima taa zake."

"Ukaongeza?"

"'Na wewe nikuzime.' Lakini dada, si utani! Mimi na mjomba ndivyo tulivyo. Yeye ananiita mwizi wa mwanga, mimi namwita mchoma nyota. Ukitusikia utadhani tutashikana mashati, kumbe tunagombania kiti tu."

"Ukaufungua mlango wa boksi, ukakiona kibao."

"Kibao kitupu."

"Msimamizi wa kiwanda anasema kiliandikwa."

"Basi kiliandikwa baadaye! Mtu kaanguka, watu wanakimbia huku na huku, yeye kaona atajitetea vipi? Kaandika. Muulizeni yeye, mbona mnaniuliza mimi tu?"

Koplo aliguna. Kiroboto hakuguna. Mtu anayetaka kudanganya anasema hakukuwa na kibao, basi, yameisha. Uongo wa kibao kitupu ni uongo wa kijinga mno, na huyu msichana mjinga hakuwa.

Kwenye korido mama yake Popo alikuwa kwenye benchi, kanga imekazwa kiunoni kama mtu anayejiandaa kubeba mzigo. Tangu jana alikuwa hajamwona mwanawe wala hajaenda hospitali. Alikuwa hapo hapo.

"Mwanangu," alimwita Kiroboto. "Sikuulizi kama atafungwa. Hiyo ni kazi yenu. Nakuuliza kitu kimoja. Yale maneno aliyaona, au hakuyaona?"

"Ndiyo ninayoyatafuta, mama."

"Kama aliyaona akapandisha ile swichi, mimi sina mtoto. Nitaondoka hapa niende kwa kaka yangu, na humu ndani sirudi. Kama hakuyaona..." Alitazama mlango wa nje, akatazama wa ndani. "Nimekaa katikati hapa kwa sababu sijui niingie mlango upi. Niambie mimi kabla hujamwambia mwanangu."

"Nitakwambia."

Kiroboto alishuka ngazi mbilimbili. Nyuma yake Koplo alihema, mkononi kabeba mfuko wa nailoni wenye kielelezo kimoja: tochi ya Popo.

*

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa kinyozi. Walimkuta mashine iko katikati ya kichwa cha mteja, upande mmoja umeshapita, upande mwingine bado msitu.

"Endelea na kazi," Kiroboto alisema, na papo hapo akaanza kushika chupa za spiriti moja moja na kuzirudisha. "Jana mlimwona fundi juu ya mlingoti?"

"Dada yangu, tungemwona tungekaa kimya?" Mashine ilizimwa. "Kilimani kote giza totoro. Tuliona taa zimezimwa, tukajua mjomba mtu katuzimia kama kawaida yake. Tukahesabu. Tulipomaliza Popo akashuka. Kilichofuata ni ukelele."

"Mtu anabadilisha taa gizani bila tochi?"

"Hapo ndipo na mimi nilipogota. Tungeuona mwanga. Mwanga mdogo tu kule juu unauona kama mtu kakuchokoa jicho."

"Na nyinyi mlitumia hizi." Kiroboto alimwonyesha mfuko. Kioo cha tochi kilikuwa kimepakwa rangi nyekundu ya kucha, tabaka juu ya tabaka, mpaka kimekuwa kizito kama damu iliyoganda.

"Zote tunazipaka hivyo. Macho yakishazoea giza, taa nyeupe inayaharibu, unaanza upya kusubiri. Nyekundu haiyasumbui." Kinyozi aliinama karibu yake, na mteja naye akasogeza kichwa chake cha nusu asikie. "Dada, mimi nisiseme mengi. Lakini yule Msimamizi alitukubalia shingo upande. Mkazane naye. Yule anaficha kitu, jana alikuwa anatetemeka kuliko hata aliyeanguka."

"Kaka, na mimi?" mteja aliuliza. "Nirudi nyumbani hivi hivi?"

"Subiri, bwana, hapa kuna mtu anataka kufungwa!"

*

Kiwanda kilikuwa kimya. Umeme ulikuwa bado umekatwa kwa amri ya polisi, mashine zimelala, matofali mabichi yamepangwa safu safu kwenye jua. Msimamizi aliwapokea getini. Kofia kaivua, kaivaa, kaivua tena.

"Kibao alikitundika nani?" Kiroboto hakungoja salamu ziishe.

"Fundi mwenyewe, afande. Giza ndiyo kwanza linaingia. Nilikuwa nimesimama hapa, nikamwona akikitundika, akapanda."

"Kimeandikwa?"

"Kimeandikwa! Na alipoanguka, mimi ndiye niliyekimbia kuzima. Nilimulika kwa simu yangu, nikakikuta palepale. Maneno makubwa, hata mwenye usingizi anasoma."

"Sasa kiko wapi?"

Kofia ilizunguka mikononi. "Kiko... vijana walikirudisha stoo. Na vingine."

"Ushahidi mmeurudisha stoo?"

"Afande, mtu anakufa, nani anawaza ushahidi?"

Kiroboto alikuwa ameshafika kwenye boksi. Lilikuwa la chuma, limefungwa kwenye ukuta nyuma ya tanuri. Ukisimama pale mlingoti huuoni, tanuri limeuziba wote. Aliufungua mlango, akaufunga, akaufungua. Chini ya kipini kulikuwa na tundu la kupitishia kufuli. Tundu lilikuwa na kutu, halijaguswa na kitu siku nyingi.

"Kufuli?"

Kijasho chembamba kilishuka nyuma ya sikio la Msimamizi. "Ilivunjika, afande. Niliagiza nyingine."

"Lini?"

"Nilikuwa nataka kuagiza."

Hilo hapo! Kiroboto aliubamiza mlango wa boksi. Kufuli ingekuwepo, Popo angepandisha nini? Basi mtu wa namna hii, aliyeshikwa pabaya, anashindwa vipi kuchukua brashi akaandika maneno mawili kwenye kibao kitupu, akamtwisha zigo mtoto wa watu? Ilikaa vizuri. Ilikaa vizuri kiasi kwamba alitamani iwe hivyo.

"Na fundi alikuwa na tochi gani huko juu? Wale wa kilimani hawakuona mwanga."

"Ya kufunga kichwani. Kaipaka nyekundu kama zao, imefifia, mwanga wake kilimani haufiki." Msimamizi alijaribu kucheka. "Nilimtania, nikamwambia na wewe umeshakuwa popo. Akasema mtoto wa dada yake atamnunia mwezi mzima akiwaharibia macho. Aliona vilevile taa zitazimwa, bora apande wakati huo huo, asiwasumbue mara mbili."

Kiroboto aliacha kutembea. Koplo naye aliacha kuandika. Basi ule ugomvi wa wiki iliyopita, ambao Mkuu wa kituo alikuwa anausoma kwa sauti kwenye simu kama hukumu, ulikuwa ugomvi wa namna hiyo.

"Nionyeshe stoo," alisema.

Stoo ilikuwa kontena la chuma lisilo na dirisha. Mbele kulikuwa na mifuko ya saruji imepangwa mpaka karibu na paa, na nyuma ya mifuko, Msimamizi alisema, ndiko kwenye rafu ya vibao. Kiroboto alichomoa simu. Imekufa. Mkuu alikuwa ameimaliza.

"Yako," alimwambia Msimamizi.

"Mliichukua jana, afande. Mkasema kielelezo."

"Koplo?"

"Iko chaji. Kituoni."

"Mungu wangu, nafanya kazi na nani! Lete hiyo tochi."

"Afande, huu ni ushahidi."

"Ushahidi nao unawaka. Lete."

Alivaa glovu, akaichukua tochi, akapenya kati ya mifuko. Koplo alijaa mlangoni kuangalia, na alivyo na mwili, mwanga wa jua ukabaki nje. Ndani ikawa nyekundu yote, mifuko myekundu, vumbi jekundu, mkono wake mwenyewe mwekundu. Rafu hiyo. Vibao hivyo, vimepangwa kama sahani. Akachukua cha kwanza, akakimulika.

Kitupu.

Cha pili kitupu. Cha tatu. Akakigeuza, nyuma kitupu, akakigeuza tena, akakipitishia tochi kutoka pembe mpaka pembe. Hakina kitu! Popo alikuwa anasema kweli! Hiki kiwanda hakina kibao hata kimoja kilichoandikwa, Msimamizi katunga, na sasa kanaswa. Alikibana kibao kwapani, akatoka mbio, akamsukuma Koplo, akasimama juani macho yamemtoka.

"Pingu, Koplo! Mfunge huyu!"

"Afande, nimefanya nini?" Msimamizi aliruka nyuma.

"Umenidanganya tangu getini! Vibao vyote vitupu! Vyote! Hamjaviandika hata kimoja, mkayatunga tu maneno jana ili mzigo umwangukie mtoto wa watu. Nimevishika kwa mkono wangu, nimevitazama kwa macho yangu. Vitupu!"

Koplo alikuwa ameshika pingu, lakini hakusogea. Alikuwa anaangalia kwapa la bosi wake.

"'USIWASHE,'" alisoma taratibu. "'FUNDI YUKO KAZINI.'"

"Nini?"

"Ndivyo kilivyoandikwa, afande. Hapo. Kwa rangi nyekundu."

Kiroboto alikitoa kibao kwapani. Herufi zilimkodolea macho, nene, ndefu kama vidole, nyekundu juu ya nyeupe. Alirudi kontenani na kibao chake, akapita kati ya mifuko, akawasha tochi. Kitupu. Akatoka juani. USIWASHE. Akaingia. Kitupu. Akatoka. Msimamizi na Koplo walikuwa wanamfuata kwa vichwa, kushoto, kulia, kama watu wanaoangalia mpira.

"Koplo, ingia wewe."

Koplo aliingia akakwama kwenye mifuko, akatukana kidogo, akawasha. Halafu sauti yake ikatokea huko ndani, ndogo kuliko yeye.

"Afande, yamekwenda wapi?"

"Hayajaenda popote. Mwanga mwekundu ukipiga kwenye nyeupe, nyeupe yote inakuwa nyekundu. Maneno nayo ni mekundu. Yamezama humo humo." Kiroboto aliegemea kontena, chuma kikamchoma mgongo, akaondoka. "Mtu mwenye tochi nyingine yoyote angeyasoma. Huyu Msimamizi kayasoma kwa simu yake. Hawa walinda giza ndio peke yao mji mzima wasioweza kuyaona."

"Ulikuwa unataka kunifunga," Msimamizi alisema kwa kinyongo.

"Na ningeapa mahakamani kwamba nilikuwa sahihi. Wewe usijichekeshe, kufuli bado utaieleza."

Alitakiwa kufurahi. Badala yake alizunguka lile lundo la mchanga lililokuwa na shimo la mwili wa mtu. Alikuwa amekuja kumtafuta mwongo, na mwongo hakuwepo. Wote walikuwa wamesema kweli, na fundi alikuwa ameungua vilevile.

*

Mkuu wa kituo alikataa kusikia habari za rangi. Kwa hiyo Kiroboto alimwomba, kwa heshima zote, aingize kichwa kabatini. Mzee mzima na nyota zake mabegani akaingiza kichwa, tochi mkono mmoja, kibao mkono mwingine, Koplo akamfunika kwa koti nyuma. Walisubiri. Koti lilitikisika.

"Mnanifanyia mazingaombwe," sauti ilisema kabatini.

"Toa kichwa usome, mkuu."

Alitoa. Akasoma. Akarudisha kichwa bila kuambiwa. Alipotoka mara ya pili nywele zimesimama, alilichukua jalada, akayakata yale maneno mawili juu yake kwa mstari mmoja.

"Apewe dhamana. Uzembe utaangaliwa, wa kiwanda na wa kwake. Na hilo kabati lifutwe vumbi."

Kiroboto hakwenda kwanza kwa Popo. Alikwenda kwenye benchi, akachuchumaa mbele ya yule mama.

"Hakuyaona, mama. Yaliandikwa, na yeye akakitazama kibao, na hakuyaona. Hata mimi sikuyaona."

Mama alimwangalia kwa muda mrefu, akimtafuta uongo usoni. Halafu akafungua kanga, akajifunga upya, akasimama.

"Nipeleke."

Kwenye chumba cha mahojiano Kiroboto alivuta pazia, akazima taa, akamkabidhi Popo tochi yake na kibao.

"Ndiyo hiki!" Popo aliruka. "Si niliwaambia? Kitupu! Koplo, unaona? Nani mwongo sasa? Nani?"

Kiroboto aliwasha taa ya chumbani.

Msichana alikuwa bado anacheka, cheko lile la mtu aliyeshinda, halafu midomo ikabaki imefunguka hivyo hivyo. Alizima tochi. Akaiwasha, akaizima. Yeye hakuhitaji kuelezwa. Aliipaka mwenyewe ile rangi.

"Kilikuwa hivi hivi?"

"Hivi hivi."

"Aliniandikia, na mimi nikakitazama." Alikiweka kibao mezani polepole kama kitu kinachomwagika. "Dada, mimi nilijua tu ni yule Msimamizi. Usiku kucha nilikuwa namchukia yule mtu. Kumbe hakuna mtu. Ni mimi."

"Ni bahati mbaya," Koplo alisema.

"Ni mkono wangu." Alikuwa anauangalia wa kulia. "Niandikieni kesi. Sitoki. Nitamtazamaje?"

Mlango ulisukumwa. Mama hakupiga kelele, wala hakumkumbatia. Alichukua kalamu kwenye vidole vya Koplo.

"Dhamana nasaini wapi?"

Koplo alimwonyesha. Akasaini.

"Hospitali wamepiga simu hapo kwa afisa wa zamu," alisema bila kugeuka. "Mjomba wako ameamka. Anataka chai. Mikono yote miwili imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko, hawezi kushika kikombe. Manesi wana watu wengine, na mimi tangu jana nikishika kitu kinamwagika. Simama."

"Mama, siwezi. Mkono wenyewe ndio huu uliop..."

"Naujua ni upi. Huo huo ndio utakaomnywesha."

Popo alifuta pua kwa sweta lenye vumbi, akasimama.